Skana Inaponyamaza: Redio za Polisi wa Marekani na Mfumo wa Trankingi

Julai 2023 polisi wa jiji la New York walianza kuhamishia mawasiliano ya redio ya Brooklyn kaskazini kwenye mfumo wa kidijitali uliofungwa kwa usimbaji fiche. Wapiga picha wa magazeti na wakazi waliozoea kufuatilia mambo ya mtaani kwa skana wakaachiwa kimya. Tangu hapo kila tatizo la skana limepata jibu moja: wamefunga. Skana ikikoroma katika kaunti fulani ya Ohio, wamefunga. Isipowasikia zimamoto wa Minnesota, wamefunga. Mtu ananunua skana ya dola 700, anasikia maneno yaliyokatikakatika kama karatasi iliyochanwa, naye anaambiwa hivyohivyo.

Mara nyingi jibu hilo si sahihi. Hata mfano wa New York wenyewe unapotosha, kwa sababu chaneli zilizohamishwa Brooklyn zilikuwa chaneli za kawaida za UHF, kila moja na eneo lake, wala hazikuwa sehemu ya mfumo wa trankingi. Kwingineko Marekani ipo mifumo mikubwa ya trankingi, yenye maelfu ya redio za polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa, ambayo sehemu kubwa ya mazungumzo yake iko wazi hadi leo. Trankingi ni njia ya kugawana chaneli, na usimbaji ni njia ya kuficha maneno. Mfumo waweza kuwa na kimoja bila kingine.

Chanzo halisi cha mkanganyiko ni kwamba skana ni kipokezi kitupu: inasikia, haisemi. Redio ya askari huomba na kupewa, skana huokota kinachopita hewani mahali ilipo. Faida zake na udhaifu wake vyote vinaanzia hapo.

Foleni moja, madirisha mengi

Zamani kila idara ilikuwa na masafa yake. Polisi walikuwa na yao, zimamoto yao, na idara ya maji yao. Skana ilizungukia orodha ya masafa moja baada ya jingine na kusimama palipo na sauti. Msikilizaji alihitaji orodha sahihi na subira, basi.

Wahandisi waliona upotevu katika utaratibu huo. Masafa ya idara ya maji yalikaa kimya mchana kutwa huku polisi wakigombania yao. Wakachukua wazo la mitandao ya simu: chaneli zote ziwekwe kapu moja, kompyuta igawe. Ni sawa na benki inayoacha foleni ya kila dirisha na kupanga foleni moja, ambapo anayefika mbele huenda dirisha lililo wazi. Motorola ilikuwa na mfumo wake, General Electric ikawa na wake ulioitwa EDACS, na E.F. Johnson wake ulioitwa LTR. Jiji lenye chaneli 20 za pamoja likaweza kuhudumia idara ambazo zamani zingehitaji chaneli nyingi zaidi ya hizo.

Kwa mwenye skana ya zamani ilikuwa balaa. Swali la askari lilisikika kwenye masafa haya, jibu likatokea kwenye mengine, na katikati yake akaingia dereva wa gari la taka akiuliza njia. Mwaka 1997 kampuni ya Uniden ilitoa BC235XLT, skana iliyoweza kuufuata mfumo wa Motorola badala ya kuzungukia masafa kiholela. Tangu hapo skana nzuri imekuwa ile inayoielewa kompyuta ya mfumo.

Ndani ya sekunde moja

Chukua mfumo wa P25, ambao ndio umeenea zaidi Marekani sasa. Juhudi za kuuunda zilianza 1989, zikiongozwa na chama cha maofisa wa mawasiliano ya usalama wa umma, APCO, ili redio za kampuni tofauti ziweze kuzungumza. Katika kila eneo, chaneli moja huwekwa kando iwe chaneli ya udhibiti. Haibebi sauti. Hutiririsha data tu usiku na mchana, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde.

Zimamoto anabonyeza kitufe cha kuongea. Redio yake inatuma ombi fupi: mimi ni redio fulani, nataka kusema na kundi fulani. Kompyuta inatafuta chaneli iliyo wazi na kutangaza kwenye chaneli ya udhibiti kwamba kundi hilo liende chaneli namba fulani. Redio zote zilizojiandikisha kwenye kundi zinahama. Wakimaliza kuzungumza, chaneli inarudi kapuni.

Skana haihusiki na ombi. Inachokifanya ni kusoma tangazo. Linalotangazwa hewani ni namba ya chaneli, si masafa yenyewe, kwa hiyo skana lazima ipige hesabu. Mfumo hutangaza mara kwa mara masafa ya kuanzia na ukubwa wa hatua. Tuseme mwanzo ni 851.00625 MHz, hatua ni kilohezi 6.25, na namba iliyotajwa ni 200: hatua 200 ni megahezi 1.25, kwa hiyo sauti iko 852.25625. Skana inalinganisha namba ya kundi na orodha ya mwenyewe, na ikiwa imo inaruka hadi hapo. Ikichelewa, maneno ya kwanza yamepotea, na kwenye redio ya dharura neno la kwanza aghalabu ndilo linalotaja mahali.

Kwa sababu hiyo, mtu anayejaza masafa yote ya mfumo kwenye skana kama chaneli za kawaida hupata uji. Ameziingiza namba sahihi kwa utaratibu usio sahihi. Kwenye P25 inatosha kuipa skana chaneli za udhibiti na orodha ya makundi, mengine itayasoma yenyewe.

Kimya kisicho cha usimbaji

Sababu ya kwanza ya kimya ni umri wa skana. P25 ina awamu mbili. Awamu ya kwanza hubeba mazungumzo mamoja kwenye chaneli ya kilohezi 12.5. Awamu ya pili huigawa chaneli hiyohiyo kwa zamu za milisekunde 30, ikabeba mawili. Miji ilivutiwa na awamu ya pili kwa sababu masafa ni haba na ya kugombaniwa. Lakini hata kwenye mfumo wa awamu ya pili, chaneli ya udhibiti hubaki ya awamu ya kwanza. Skana isiyoijua awamu ya pili itaonyesha namba za makundi zikicheza kwenye skrini, kila dalili ya uhai, kisha sauti isitoke. Mwenyewe anaapa kwamba pamefungwa. Na kuna kiroja zaidi: mifumo mingi humshusha kila mtu kwenye awamu ya kwanza pale redio moja ya zamani inapojiandikisha kwenye kundi. Siku gari la wilaya jirani limepita na redio ya zamani, skana inasikia. Likiondoka, kimya kinarudi.

Sababu ya pili ni minara. Mfumo wa jimbo zima, kama ARMER wa Minnesota au MARCS wa Ohio, hautumi kila kundi kwenye kila mnara. Ungefanya hivyo, chaneli zingejaa kwa mazungumzo ya watu wasiokuwepo. Mnara hubeba kundi iwapo ipo redio iliyojiandikisha hapo kwa kundi hilo, au msimamizi ameamuru libebwe daima. Kwa hiyo aliye Duluth anaweza kuwa na namba sahihi za makundi ya Minneapolis na asisikie hata neno, kwa sababu hakuna redio ya Minneapolis iliyo karibu naye. Skana haiwezi kujiandikisha, haina hata kisambazi. Hapa hakuna skana ya bei yoyote itakayosaidia, na muuzaji anayesema vinginevyo anauza maneno.

Sababu ya tatu inahitaji kukaliwa kidogo, maana ndiyo iliyowatoa watu wengi fedha bila faida. Mijini, minara kadhaa hutuma mawimbi yaleyale kwa masafa yaleyale kwa wakati mmoja, utaratibu uitwao simulkasti. Kusudi lake ni kuyapenya majengo na kuokoa masafa. Lakini msikilizaji aliye kati ya minara miwili hupokea nakala mbili ambazo hazifiki pamoja. Kwenye awamu ya kwanza ya P25 hutumwa alama 4,800 kwa sekunde, kwa hiyo kila alama hudumu takriban mikrosekunde 208. Mawimbi ya redio husafiri kilomita moja kwa mikrosekunde 3.3. Mnara mmoja ukiwa mbali kuliko mwingine kwa kilomita 15, nakala ya pili huchelewa kwa mikrosekunde 50, karibu robo ya alama. Alama zinapandana, na sauti inatoka kama roboti aliyesakamwa.

Redio za polisi zimeundwa kuvumilia hali hiyo. Skana za zamani zilitumia njia ya kawaida ya FM kuyasoma mawimbi, njia isiyojali sehemu ya ujumbe iliyomo katika nguvu na awamu ya wimbi. Matokeo yake yanapingana na akili ya kawaida: anayeishi katikati ya jiji, akiwa na mistari yote ya nguvu ya mawimbi kwenye skrini, husikia vibaya kuliko aliye pembeni anayepata mnara mmoja dhaifu. Wengi hununua antena kubwa zaidi, na hali inazidi kuharibika kwa sababu sasa minara ya mbali nayo inaingia. Dawa ya bei nafuu ni kinyume chake: antena fupi zaidi, au antena ya mwelekeo iliyogeuzwa upande wa mnara mmoja, au kuisogeza skana mita moja kutoka dirishani. Wakati mwingine inasaidia, wakati mwingine ni kubahatisha. Dawa ya uhakika zaidi ilikuja 2018, Uniden ilipotoa SDS100, skana inayolisoma wimbi zima kwa programu, nguvu yake na awamu yake.

La nne ni dogo lakini linaudhi. Skana ya kawaida ina kipokezi kimoja. Ikiwa inasikiliza mazungumzo ya barabarani, haioni tangazo kwamba zimamoto wameitwa. Ukiweka kundi la kipaumbele, skana huikata sauti kidogo irudi kuchungulia chaneli ya udhibiti, kisha iendelee. Unachagua: kukosa kitu, au kusikia sauti yenye mapengo.

Skana, kompyuta au intaneti

Wapenzi wa skana halisi wana hoja nzuri. Ni kifaa kimoja chenye betri, kinachowashwa na kufanya kazi hata umeme na intaneti vikikatika, yaani wakati wa kimbunga au moto wa msituni, saa ambazo kinahitajika kweli. Tangu Uniden ilipotoa HomePatrol mwaka 2010, mtu huingiza namba ya posta ya mahali alipo na kifaa kikachagua mifumo ya karibu. Udhaifu ni bei, kile kipokezi kimoja, na ukweli kwamba skana ya bei nafuu ya leo inaweza kuwa na tatizo lilelile la simulkasti la miaka 15 iliyopita. Lebo ya boksi inaandika P25, haiandiki itasikikaje mtaani kwako.

Upande wa pili wapo wa kompyuta. Mwaka 2012 ilibainika kwamba vifaa vidogo vya USB vilivyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali, vyenye chipu ya RTL2832U, vinaweza kutoa data ghafi ya mawimbi. Kifaa cha dola 30 au 40 kikaweza kuona kipande cha masafa cha megahezi mbili na zaidi kwa mara moja. Kwa programu kama SDRTrunk au Trunk Recorder, kompyuta husoma chaneli ya udhibiti na chaneli kadhaa za sauti kwa pamoja, ikirekodi kila mazungumzo pamoja na namba ya kundi lake. Tatizo la kipokezi kimoja linakwisha, na simulkasti hushughulikiwa vizuri, mara nyingine vizuri kuliko skana ya mamia ya dola. Gharama yake ni muda. Programu hizi zinataka mtu asiyeogopa mafaili ya mipangilio, na mfumo ukitawanya chaneli zake kati ya 770 na 860 MHz, kifaa kimoja hakitoshi. Tena hakuna anayetembea barabarani na kompyuta ikiwa imefunguliwa.

Kisha ipo intaneti. Huduma kama Broadcastify hukusanya sauti za wajitoleaji wenye skana zao na kuzirusha kwa yeyote mwenye simu. Haitaki ujuzi wala antena. Lakini unasikia alichochagua mwingine, kwa kuchelewa, makundi mengi yakiwa yamechanganywa kwenye mkondo mmoja, na mwenye skana akienda likizo mkondo unakatika. Kwa anayetaka kujua nini kinaendelea jijini, inatosha. Kwa mwandishi anayetaka kufika kabla ya wengine, hapana.

Sheria nayo haifanani kila mahali. Kwa ujumla, sheria za shirikisho za Marekani, pamoja na ile ya 1986 kuhusu faragha ya mawasiliano ya kielektroniki, huruhusu kusikiliza redio za usalama wa umma zilizo wazi, lakini si zilizosimbwa. Majimbo kama New York, Minnesota, Florida, Indiana na Kentucky yana masharti juu ya skana ndani ya gari. Uingereza ni kali zaidi: mtandao wa Airwave wa huduma za dharura ulisimbwa, na Sheria ya Telegrafia Isiyotumia Waya ya 2006 inakataza kusikiliza kisichokuhusu. Airwave hutumia TETRA, ambayo skana hizi za Marekani haziisomi kabisa, hata ingekuwa wazi. Ndugu anayefikiria kuwaletea nyumbani skana ya Marekani kama zawadi aulize kwanza mfumo wa huko na sheria yake.

Kimya cha makusudi

Usimbaji ni jambo la namna nyingine kwa sababu ni uamuzi. Kimya cha minara au simulkasti ni matokeo ya uhandisi, hakuna aliyekaa kikao kumzuia msikilizaji. Kuutambua usimbaji si kazi kubwa: mawasiliano ya P25 hubeba alama inayosema yamesimbwa au la, na skana za karibuni za Uniden huandika ENC kwenye skrini. Isipoandika, tafuta sababu kwingine kwanza. Ikiandika, imekwisha. Ufunguo wa AES wa biti 256 hauvunjwi na kifaa cha mezani, na kisheria hairuhusiwi kuujaribu.

Wanaotaka kufunga wana sababu zisizopuuzika. Oktoba 2020 Idara ya Sheria ya California iliviagiza vyombo vya usalama kuzilinda taarifa binafsi, kama majina pamoja na namba za leseni, ama kwa kusimba au kwa kutafuta njia nyingine ya kuzipitisha. Ni haki: mtu aliyesimamishwa kwa taa mbovu hana sababu ya kutangaziwa tarehe yake ya kuzaliwa. Aprili 2013, wakati wa msako uliofuata mabomu ya mbio za Boston, maelfu walisikiliza polisi mtandaoni. Majina ya watu wasiohusika yakasambazwa kwa madai kwamba yamesikika kwenye skana, na polisi wakaomba watu waache kuandika mitandaoni mienendo ya askari. Zamani msikilizaji alikuwa mtaa mmoja. Sasa ni dunia nzima, akiwemo anayesakwa.

Wanaopinga wanasema redio ya wazi ndiyo njia pekee ya kujua kitendo cha polisi kabla polisi wenyewe hawajaandika taarifa yao. Wana hoja nyingine inayosahaulika, nayo ni ya usalama. Septemba 11, 2001, maonyo kutoka helikopta za polisi wa New York kuhusu hali ya jengo la kaskazini la World Trade Center lililoshambuliwa hayakuwafikia makamanda wa zimamoto, kwa sababu idara hizo mbili hazikuwa na mawasiliano ya pamoja. Fedha nyingi za P25 zilitafutwa kwa kuonyesha mkasa huo. Ukiongeza ufunguo wa siri, unaongeza sharti: kila jirani anayekuja kusaidia lazima awe na ufunguo huo, wa toleo hilo, usiku huo. Idara zenye nidhamu huweza. Nyingine hugundua mapengo palepale kwenye tukio.

Kati ya pande hizo yapo majaribio. Chicago ilisimba na kuuachia umma sauti inayochelewa kwa dakika 30. Hiyo inafaa mtafiti na mwanahistoria, lakini mkazi aliye karibu na ghala linalotoa moshi wa sumu hafaidiki kwa habari ya nusu saa iliyopita. Palo Alto, California, ilifunga Januari 2021, na Septemba 2022, baada ya kubadilisha mkuu wa polisi, ikarudi wazi, huku taarifa binafsi zikipitishwa kwa simu, kompyuta za magari au chaneli nyingine.

Njia ya Palo Alto ndiyo yenye nguvu zaidi, na nguvu yake inatoka kwenye trankingi yenyewe. Mfumo unaogawa mazungumzo kwa makundi unaruhusu kusimba kundi moja na kuacha jingine wazi kwenye mnara uleule. Kikosi cha upelelezi, msako wa mateka na ukaguzi wa majina vifungwe. Kuitwa kwa zimamoto, magari ya wagonjwa na doria ya kawaida vibaki wazi. Zana ya kutenganisha ipo tayari, imelipiwa na kodi. Idara inayofunga kila kitu kwa swichi moja inafanya hivyo kwa kuwa ni rahisi, si kwa kuwa mashine imeilazimisha.

Kwa anayesimama dukani, mpangilio uwe huu. Kwanza atafute kama idara anazozitaka zimesimbwa, maana hilo halina tiba. Pili aangalie mfumo wake ni awamu ipi na kama ni simulkasti. Kama ni simulkasti na anataka kifaa cha mkononi, alipe bei ya skana inayolisoma wimbi zima au asinunue kabisa, kwa sababu skana ya kati kwa kati hapo ni hasara. Kama ana kompyuta na jioni kadhaa za kuchezea, kifaa cha USB cha dola 40 kitamfundisha mfumo wa mji wake kabla hajatoa fedha zaidi. Na aulize mnara gani unabeba kundi analolitaka. Swali hilo la mwisho halimo kwenye boksi lolote, na ndilo linalorudisha skana nyingi dukani ndani ya wiki ya kwanza.